Meza ya Takwimu: Mbona Kenya wana walimu wanaume wengi hivi wa sekondari ya juu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tanga, yenye kidato cha kwanza hadi cha sita. Mume wa dada yangu naye ni mwalimu, yuko ng'ambo ya mpaka, Kwale. Juzi shemeji alinitumia kwenye simu jedwali la kimataifa lenye safu ya walimu wanaume wa sekondari ya juu. Idadi ya Kenya iko juu sana, ya kwetu ni ndogo mpaka inatia aibu, na ilhali watu sisi ni wengi kuwazidi. Shemeji anasema hiyo ndiyo sababu wenzetu wako mbele. Mimi nimechaguliwa kuandika risala ya walimu kwa ajili ya kikao cha wadau wa elimu, na tayari nimeshaandika kwamba vijana wa kiume wa Kitanzania wanaikimbia kazi ya kufundisha. Je, niko sawa? — Mwalimu wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza ifute hiyo sentensi ya vijana wa kiume kabla risala haijapigwa chapa. Jedwali ulilotumiwa halisemi hivyo hata kidogo. Mgeni rasmi akija na mtu anayejua takwimu, utaulizwa swali moja tu na risala nzima itaporomoka, hata yale madai ya haki yaliyomo ndani yake. Umefanya vizuri sana kuuliza mapema.

Swali lenyewe ni hili: hao walimu waliohesabiwa wanafundisha madarasa gani?

Majedwali ya namna hiyo kwa kawaida chanzo chake ni Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, yenye makao Montreal. Benki ya Dunia nayo huchota hukohuko. Kwa kuwa kila nchi ina madarasa yake na majina yake, UNESCO wana mpangilio mmoja wa ngazi za elimu ambao kila nchi huwekwa ndani yake, na huu unaotumika sasa ulipitishwa mwaka 2011. Sekondari ya chini ni ngazi ya 2, sekondari ya juu ni ngazi ya 3. Kwetu kazi ilikuwa nyepesi: miaka 7 ya msingi, miaka 4 ya sekondari ya chini, yaani kidato cha kwanza hadi cha nne, halafu miaka 2 ya sekondari ya juu, kidato cha tano na sita.

Kenya ya mfumo wa 8-4-4, yaani miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, imepangwa tofauti. Miaka yao 8 ya msingi imekatwa: darasa la kwanza hadi la sita ndilo msingi, la saba na la nane yakahesabiwa kuwa sekondari ya chini. Kidato cha kwanza hadi cha nne, chote, kikawekwa kwenye sekondari ya juu.

Soma hapo polepole, maana jibu lako lote liko hapo. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Kwale alihesabiwa yuko sekondari ya juu siku ileile aliyovaa sare mpya. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne, mwenye ndevu zinazoanza kuota na namba ya mtihani wa NECTA, baraza letu la mitihani, mfukoni, bado yuko sekondari ya chini. Shemeji yako, hata kama maisha yake yote amefundisha kidato cha kwanza tu, yumo kwenye ile safu. Mwenzako wa ofisini anayefundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, na ambaye matokeo ya shule yanamtegemea kila mwaka, hayumo kabisa. Kwa upande mmoja wamehesabiwa wanaume wa sekondari nzima yenye vidato vinne. Kwa upande mwingine wamehesabiwa wanaume wa vidato viwili, tena vile ambavyo wengi wa waliomaliza kidato cha nne hawafiki. Ingekuwa ajabu kama Kenya isingeonekana kubwa.

Usije ukadhani UNESCO wamewapendelea majirani. Mpangilio wao una mantiki, na mantiki hiyo inatoka kwenye historia yetu wenyewe. Zamani Kenya, Uganda na sisi tulikuwa na mtihani mmoja chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na NECTA ikaundwa kwa sheria mwaka 1973. Kenya wakaanzisha baraza lao, KNEC, mwaka 1980. Muda wote huo Kenya nao walikuwa na kidato cha tano na sita kama sisi. Mwaka 1985 wakaingia 8-4-4, na mwaka 1989 ukawa wa mwisho kwa kidato cha sita kule, mwaka uleule walipofanya KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, ya kwanza. Tangu hapo Mkenya anatoka kidato cha nne anakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Kwao kidato cha nne ndicho mlango wa mwisho kabla ya chuo kikuu, na kwetu mlango huo ni kidato cha sita. UNESCO wameitazama milango, wakaacha majina ya vidato.

Na mlango wa Kenya nao sasa unahamishwa. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanyika mwaka 2023. Wanafunzi wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, ndiyo sekondari yao ya juu mpya, yenye miaka 3. Ukitembelea shule ya sekondari ya Kenya mwaka 2026 utakuta Gredi ya 10 wamekaa jirani na kidato cha tatu na cha nne, hakuna kidato cha kwanza wala cha pili. Kidato cha nne cha mwisho kitafanya KCSE mwaka 2027. Kwa hiyo mtu atakayelinganisha Kenya ya mwaka 2022 na Kenya ya mwaka 2028 anaweza kuona idadi ya walimu wa sekondari ya juu imeyumba, akaandika makala ndefu juu ya walimu kuacha kazi, kumbe kilichobadilika ni madarasa. Kwetu pia mambo yanasogea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, inapunguza elimu ya msingi kuwa miaka 6 na kuifanya ile miaka 4 ya sekondari ya chini kuwa ya lazima. Kidato cha tano na sita kimebaki mahali pake.

Sasa nikupeleke ndani zaidi, maana hata ile namba ya upande wetu inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Kabla ya kustaafu nilifundisha Hisabati, kisha nikapewa meza ya takwimu za sekondari katika halmashauri. Takwimu za mwaka za shule kwetu huchukuliwa kwa hali ilivyo tarehe 31 Machi. Wakuu wa shule wanaleta taarifa zao, na wewe kazi yako ni kuzipitia mstari kwa mstari.

Tuseme shule ina mwalimu mmoja wa Fizikia, mwanamume, mwenye shahada. Jumatatu asubuhi yuko kidato cha tatu B anafundisha nguvu na mwendo. Baada ya mapumziko yuko kidato cha sita PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Alhamisi mchana anarudi kidato cha pili kwa sababu mwalimu wao yuko likizo ya uzazi. Kwa wiki ana vipindi 24, na vipindi 8 kati ya hivyo ni vya kidato cha tano na sita. Huyu ni mwalimu wa sekondari ya juu au ya chini? Mkuu wa shule mmoja atamweka juu, kwa sababu ana shahada na anafundisha PCM. Mwingine atamweka chini, kwa sababu vipindi 16 viko chini. Wa tatu atamwandika kotekote, na mwalimu mmoja atakuwa wawili mpaka mtu wa mezani atakapolinganisha majina. Njia safi ya kitaalamu ni kumgawa kwa vipindi: theluthi moja juu, theluthi mbili chini. Lakini jedwali linalohesabu vichwa halina theluthi ya mtu. Ndiyo maana mimi binafsi, nikiona takwimu za walimu wa sekondari ya Tanzania, huanza na jumla ya kidato cha kwanza hadi cha sita. Jumla hiyo ina mashaka machache zaidi kuliko mgawanyo wake.

Tarehe nayo ina uzito. Machi unawakuta kidato cha tano na cha sita wote madarasani. Kidato cha sita wanafanya mtihani wao Mei, na kidato cha tano kipya kinaripoti Julai. Ukihesabu wanafunzi mwezi Juni unakuta nusu ya sekondari ya juu haipo, walimu wapo wamekaa ofisini wanasahihisha mitihani ya ndani, na uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi unapendeza kuliko ukweli.

Halafu kuna nani anayehesabu. Kenya wana TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, na sisi tuna TSC, herufi zilezile, kazi tofauti. TSC ya Kenya, iliyoanza mwaka 1967, ndiyo mwajiri wa walimu wa serikali. Yetu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulikia mambo ya utumishi kama nidhamu na kupanda madaraja, na shule zenyewe za serikali ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukichukua namba ya TSC ya Kenya umewaacha nje walimu walioajiriwa na bodi za shule, na hao shemeji yako anawajua kwa majina, pengine wako wengi katika ofisi yake. Umewaacha pia walimu wa shule binafsi. Ukichukua kitabu cha takwimu cha Tanzania Bara umeiacha Zanzibar, ambayo ina wizara yake ya elimu na takwimu zake. Jedwali la kimataifa likiandika Tanzania, angalia maelezo ya chini kama visiwa vimo.

Umesema pia sisi tuna watu wengi kuwazidi. Ni kweli: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na ya Kenya ya 2019 ilihesabu 47,564,296. Lakini mwalimu hafundishi taifa zima, anafundisha waliokaa mbele yake. Idadi ya walimu igawe kwa wanafunzi wa madarasa yaleyale, na wa mwaka uleule. Kenya walianza elimu ya bure ya sekondari za kutwa mwaka 2008. Sisi tuliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kila hatua ya namna hiyo inaleta wanafunzi kwa mwaka mmoja, lakini mwalimu mwenye shahada anachukua miaka 3 chuoni, kisha anasubiri kibali cha ajira. Katikati hapo ndipo mnapoumia nyinyi mlioko kazini, na hilo ndilo la kuandika kwenye risala.

Sasa niseme langu kuhusu wanaume, kwa kuwa ndicho ulichouliza. Idadi ya walimu wanaume ikisimama peke yake ni namba bubu. Iweke kando ya idadi ya wanawake wa ngazi hiyohiyo, ndipo itasema kitu. Na ukifanya hivyo Tanzania na Kenya utakuta jambo moja pande zote mbili za mpaka wa Horohoro: kwa miaka mingi wanaume wamekuwa wengi kuliko wanawake katika sekondari. Panda mpaka masomo ya Fizikia na Hisabati za juu, ofisi inazidi kuwa ya kiume. Kwa hiyo dai lako la wanaume kukimbia limekwenda kinyume na hali ilivyo. Waliokosekana ni wanawake.

Hawakukosekana jana. Mwalimu wa PCM lazima awe na shahada, mwenye shahada kwa kawaida amepita kidato cha sita, na mwanamke ambaye leo angekuwa na umri wa miaka 40 mbele ya ubao huo alikuwa msichana wa kidato cha pili zamani. Wangapi walitolewa shule kwa mimba wasirudi? Kenya walikuwa na sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994. Sisi Tanzania Bara tuliwafungulia mlango wa mfumo rasmi Novemba 2021. Sisemi kwamba sera iliyoandikwa ilifuatwa kila shule ya Kenya, lakini miaka 27 ni mingi. Naliandika hili kwa uchungu, maana nimeketi kwenye vikao vya shule ambavyo barua ya kumfukuza mtoto ilisainiwa haraka kuliko barua ya kuomba madawati. Wale watoto wangekuwa walimu wenzako sasa hivi.

Kwenye risala, basi, andika hivi: katika shule yetu tuna walimu kadhaa wa kidato cha tano na sita, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, na kila mmoja ana vipindi kadhaa kwa wiki, masomo fulani hayana mwalimu mwanamke hata mmoja. Hizo namba unaweza kuzihesabu mwenyewe kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Ukitaka Kenya iwemo, weka jumla ya walimu wa kidato cha kwanza hadi cha sita kwa Tanzania, na kidato cha kwanza hadi cha nne kwa Kenya, kwa mwaka uleule mmoja, 2024 au kabla yake, Kenya walipokuwa bado na vidato vyote vinne, kila jumla iwe imegawanywa kwa wanafunzi wake. Na shemeji msalimie. Mwambie amehesabiwa, tena kwenye ngazi ya juu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya ualimu, nyumbani ni Bukoba. Nataka kuandika utafiti wangu wa mwisho kuhusu walimu wanaume wa kidato cha tano na sita kwetu na nchi jirani. Nilitaka Kenya, mhadhiri wangu akakunja uso. Nichukue nchi gani?

JIBU: Mhadhiri wako anakutakia mema. Chukua Uganda. Wamebaki na miaka 7 ya msingi, 4 na 2, kama sisi, na baada ya miaka hiyo 2 wanafanya mtihani wa UACE, kama wetu wa kidato cha sita, chini ya baraza lao la mitihani, UNEB. Sekondari ya juu ya Masaka na ya Bukoba ni madarasa yaleyale, kwa hiyo huna haja ya kukatakata chochote. Jambo moja tu la kuangalia ni kalenda: mwaka wao wa masomo unaanza mwanzoni mwa mwaka hata kwa kidato cha tano na sita, wetu wa ngazi hiyo unaanza Julai. Amua mapema mwaka 2024 wa Uganda utauweka kando ya mwaka gani wa kwetu, liandike hilo kwenye sura ya tatu, na usilibadilishe njiani. Pia unaishi mpakani. Omba barua ya chuo uvuke Mutukula ukakae kwenye ofisi ya walimu ya upande wa pili. Maswali mazuri yatatoka huko.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) katika shule ya wasichana. Walimu wetu wa Fizikia, Kemia na Hisabati wote ni wanaume. Wanatufundisha vizuri na wanatuheshimu, sina malalamiko. Lakini nikisema nataka kuwa mwalimu wa Fizikia wenzangu wananicheka, wanasema mwenye akili anakwenda udaktari. Nauliza, wanawake wa Fizikia wako wapi, na je, kazi ipo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wapo, ila ni wachache na wametawanyika. Mkoa mmoja unaweza kuwa na mmoja hapa na mwingine mwendo wa siku nzima kwa basi. Ndiyo maana hujamwona. Kuhusu kazi, siwezi kukuahidi kibali cha ajira cha mwaka utakaomaliza chuo. Ninachokijua ni kwamba matangazo ya ajira za walimu kwa miaka mingi yamekuwa yakitanguliza masomo ya sayansi na Hisabati, kwa sababu huko ndiko shule zinakolia zaidi.

Hao walimu wako wanaume watumie. Muombe yule wa Fizikia akuruhusu uwaelekeze kidato cha pili jioni mara moja kwa wiki, mada moja, mbele yake. Akuonyeshe anavyoandaa andalio la somo na anavyopanga vifaa vya maabara kabla wanafunzi hawajaingia. Tahasusi ya PCB ina Fizikia ndani yake, kwa hiyo mlango wa shahada ya sayansi na ualimu hujaufunga, alimradi hilo somo ulifaulu vizuri. Kwenye kujaza machaguo ya chuo, soma sifa za kila kozi wewe mwenyewe kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo, usisimuliwe na mtu wa dukani anayekujazia fomu. Na wenzako wanaokwenda udaktari waache waende, watahitaji mtu wa kuwafundishia watoto wao Fizikia.